Dawa isiyotuumiza nayo viwavi wanaizoea

Mwaka juzi mwezi wa saba kabeji zangu zilikuwa ndio zinaanza kufunga, nikaingia shambani asubuhi kabla jua halijapanda nikakuta majani ya juu yametobolewa kama chekeche, yaani unashika jani unaona udongo ng'ambo ya pili. Nilikuwa nimepiga dawa siku nne nyuma. Wiki ya kabla ya hapo nilipiga, na ile ya kabla yake pia. Na haikuwa dawa kali ya kukuumiza kichwa, ilikuwa Bt, ile ya bakteria, ambayo mimi mwenyewe ndio nilienda nyumba kwa nyumba huku kwetu milima ya Taita nikiwaambia watu tuihamie, na misimu ya kwanza ilifanya kazi vizuri mpaka nikaona shida ya viwavi imeisha.

Niseme kwanza kwa nini niliihamia. Mamangu amepiga dawa kwenye mboga tangu mimi niko shule ya msingi, bila glavu, leso amejifunga usoni, na jioni kichwa kinamuuma mpaka chakula hakishuki. Siku mbili baadaye sukuma zile zile zinachumwa zinafungwa mafungu zinateremka na gari la usiku kwenda soko la Kongowea, Mombasa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hata lugha yetu inatuficha kidogo, manake tunaita dawa, hatuiti sumu, na kitu kinachoitwa dawa hukiogopi. Kwa hivyo niliposikia kuna dawa unaweza kupiga leo na kuchuma kesho, haiui nyuki, haimdhuru mtoto akipita shambani, mimi nilishukuru Mungu na nikanunua.

Sasa nataka kueleza vile nilivyoiharibu, manake siku hizi naona watu wengi wanahamia dawa za kibayolojia na wanaambiwa jambo moja ambalo si kweli, ati hizi ni za asili kwa hivyo wadudu hawawezi kuwa sugu. Mimi niliambiwa hivyo dukani, nikaamini, na nikalirudia kwa wengine.

Mdudu mwenyewe ni yule nondo mdogo wa kabeji, mwembamba kama punje ya mchele, akikunja mabawa unaona mgongoni alama kama za almasi zimepangana. Kiwavi wake ni kijani, ukimgusa anajinyonganyonga anaruka kinyumenyume anabaki ananing'inia kwa uzi. Anakula upande wa chini wa jani. Jike mmoja anataga mayai zaidi ya 150, na kukiwa na joto kutoka yai mpaka nondo mpya ni wiki mbili tatu tu, kwa hivyo kwenye mwaka mmoja anapitisha vizazi vingi sana wakati wewe hata mtoto wako hajabadilisha darasa. Huyu mdudu ana historia. Mwaka 1953 huko Java, Indonesia, ndiye aliyekuwa mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuwa sugu kwa DDT, ile dawa kali ya zamani ya kuua wadudu. Kila kilicholetwa baada ya hapo amekipitia kimoja kimoja.

Na Bt si kitu kipya. Mjapani mmoja mtafiti, Ishiwata, aliikuta mwaka 1901 ikiua viwavi wa hariri, alafu mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner akaikuta kwa nondo wa unga huko Thuringia, ndio maana jina lake ni Bacillus thuringiensis. Bakteria huyu anapotengeneza spora zake anatengeneza na fuwele za protini. Kwako wewe na mimi fuwele hio haina kazi, tumbo letu lina asidi. Tumbo la kiwavi ni kinyume kabisa, ni kama maji ya magadi, na ndani ya hayo magadi fuwele inayeyuka, vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe vinaikata, na kipande kinachobaki kinatafuta mahali pake maalum pa kujishika kwenye ukuta wa utumbo. Kikishajishika kinatoboa. Kiwavi anaacha kula ndani ya masaa machache tu ingawa anaweza kukaa siku mbili tatu kabla hajafa, na hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanaona kiwavi bado yuko hai kesho yake wanasema dawa ni feki wanapiga tena.

Shika hilo jambo la mahali maalum pa kujishika, manake ndipo mambo yanapoharibikia. Akizaliwa kiwavi mmoja kati ya maelfu ambaye ukuta wa utumbo wake hapo mahali pamebadilika kidogo, ile protini inapita tu haina pa kushika, anakula jani na dawa yake ananenepa.

Sisi tunasema wadudu wameizoea dawa. Nami nimeandika hivyo hapo juu kwa sababu ndivyo tunavyosema, lakini si mazoea kama mtu anavyozoea pilipili. Kiwavi aliyezaliwa dhaifu anakufa dhaifu. Kinachotokea ni kile kile mamangu anachofanya na mahindi, anachagua magunzi mazuri anayaning'iniza juu ya jiko yawe mbegu, mwaka baada ya mwaka mpaka shamba zima linafanana na alichokichagua. Mimi kila Jumamosi na pampu yangu ya lita 20 nilikuwa nachagua mbegu ya viwavi. Naua wote isipokuwa wale wasioweza kufa, wale ndio wanaoana wenyewe kwa wenyewe, na Jumamosi inayofuata nachagua tena kutoka kwa watoto wao.

Na kwa nini kila Jumamosi? Hili nimelifikiria sana. Dawa kali ina breki yake, chupa imeandikwa usivune mpaka zipite siku kadhaa, na mwenyewe unaiogopa kidogo, na bei yake inauma. Bt haina breki. Haina siku za kungoja, haiumi mikono, kwa hivyo unapiga ukiona viwavi na unapiga usipoona, unapiga kwa amani tu ya moyo, wiki ya kwanza mpaka siku ya kuvuna. Ule ule upole wake ndio uliofanya niitumie kupita kiasi. Na kwa sukuma wiki ni mbaya zaidi ya kabeji. Kabeji unavuna miezi mitatu hivi unamaliza, lakini sukuma unachuma jani jani mwaka mzima kwenye shina lile lile, kwa hivyo kama shamba lina sukuma halina siku hata moja ambayo nondo amekosa chakula, na ukiwa unapiga dawa moja mwaka mzima basi hakuna hata siku moja umeacha kuchagua.

Baadaye nilipoanza kusoma nikakuta hii hadithi yangu ilishatokea visiwani Hawaii kabla hata mimi sijajua kushika jembe. Huko kuna watu wanalima mboga moja ya majini, jamii moja na kabeji, na nondo ni huyu huyu. Bruce Tabashnik na wenzake walichukua viwavi kutoka kwa mashamba yaliyokuwa yanapigwa Bt mara nyingi wakawapima na viwavi wa maabara ambao hawajawahi kuiona, na mwaka 1990 wakatangaza kwamba wale wa shambani wanahitaji dawa mara 25 hadi 33 zaidi ndio wafe. Huo ndio ulikuwa ushahidi wa mapema kabisa wa mdudu kuishinda Bt akiwa nje shambani, si kwenye vikopo vya watafiti. Kwenye ghala kulishakuwa na onyo, mwaka 1985 William McGaughey alionyesha kwamba nondo wa nafaka akilelewa kwenye ngano iliyotiwa Bt, usugu unapanda karibu mara 30 ndani ya vizazi 2 tu na kufika mara 100 baada ya vizazi 15. Vizazi 2! Kwa nondo wangu hio ni kama mwezi mmoja na nusu.

Alafu hao hao wa Hawaii wakapata dawa nyingine ya asili, spinosadi, inayotokana na kijidudu cha udongo kilichopatikana visiwa vya Karibi kwenye kiwanda cha pombe kilichoachwa. Dawa nzuri, ilifanya kazi. Ilianza kutumika kwa mboga zao mwaka 1998, na kufikia mwaka 2000 wakulima walikuwa wanasema viwavi hawafi. Walikuwa wanapiga hio hio kila wiki kwa sababu ndio iliyokuwa inafanya kazi, na mimi siwezi kuwalaumu hata kidogo, mtu mwenye mboga shambani na deni la mbegu anapiga kinachoua. Kilichonigusa ni walichofanya baadaye, waliiweka spinosadi chini kwa pamoja, eneo zima, wakaanza kupokezana dawa za makundi mengine kwa ratiba moja. Nitarudi kwa hilo.

Kurudi kwa shamba langu. Nilienda kwa agroveti, nikaeleza, nikaambiwa niongeze kipimo mara mbili. Nikaongeza. Nikaambiwa nichanganye na ile nyingine ya pareto. Nikachanganya. Msimu ule nilivuna kabeji za kulisha ng'ombe, na nilikuwa nimeahidi broka wa Mombasa mzigo wa lori, akaja akaangalia akapanda gari lake akarudi. Hakunitukana. Aliniambia tu, ndugu yangu, hii siwezi kushukisha sokoni.

Kwa nini kuongeza kipimo hakukusaidia, hili lilinichukua muda kulielewa. Mara nyingi usugu wa Bt ni wa jeni inayotakiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kiwavi aliyepata jeni ya usugu kwa mzazi mmoja tu, dawa ikiwa kamili, anakufa. Kwa hivyo kipimo kamili mwanzoni ni muhimu sana, na kupima nusu ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, ambayo wengi wetu tunafanya, kunamwacha huyu wa nusu akiwa hai na kumlea. Lakini ukishachelewa, ukiwa na shamba lililojaa wale waliopata jeni pande zote mbili, hata ukiwaogesha Bt haina pa kujishika. Na kuna jua. Bt juani inakufa siku chache tu, kwa hivyo hata ukipima vizuri Jumamosi, Jumanne kwenye jani kimebaki kipimo cha kulea usugu. Ndio maana inashauriwa kupiga jioni, na ndio maana mimi nilikuwa nafanya makosa mawili kwa wakati mmoja nikipiga saa nne asubuhi.

Na ile ya pareto. Hapa nina uchungu kidogo, kwa sababu pareto ni zao letu la nyanda za juu, Kenya na Tanzania tumelilima tangu ukoloni, na watu wanaipenda kwa kuwa ni ua. Lakini zile dawa kali za viwandani alizokuwa akipiga mamangu miaka hio yote, pairethroidi, zilitengenezwa kwa kuiga pareto. Zinampiga mdudu mahali pale pale kwenye mishipa ya fahamu. IRAC, ile kamati ya kampuni za dawa inayopanga dawa kwa namba kufuatana na vile zinavyoua, imeziweka zote mbili kundi 3A. Kwa hivyo viwavi waliopigwa pairethroidi miaka 20 huku kwetu ukiwaletea pareto ya asili, wengi wao ni kama unawaletea kitu wanachokijua kwa jina la nyumbani. Niliacha dawa moja iliyochoka nikaichanganya na nyingine iliyochoka zamani zaidi.

Kwa hivyo kama kuna kitu kimoja utachukua hapa, angalia namba kwenye chupa kabla ya jina. Bt ni 11A. Spinosadi ni 5. Emamektini na abamektini, ambazo nazo zinatokana na kijidudu cha udongo, ni 6. Majina ya kibiashara ni mengi na yanabadilika, nimewahi kupewa chupa mbili za rangi tofauti nizipokezane na zote zilikuwa kundi 6. Kupokezana majina si kupokezana dawa.

Kabla sijaendelea niseme jambo la haki kwa Bt. Si kila ikishindwa ni usugu. Inaweza kuwa pakiti ilikaa dirishani dukani ikapigwa jua miezi, inaweza kuwa ulipiga juu ya jani na viwavi wako chini, inaweza kuwa hukutia kile cha kushikisha na jani la kabeji lina nta maji yanateleza kama kwenye jani la nduma, inaweza kuwa viwavi walishakuwa wakubwa manake Bt inaua wadogo vizuri na wakubwa kwa shida. Kwa hivyo usikimbilie kusema wamekuwa sugu. Pima.

Mimi nilipima hivi, na mtu yeyote anaweza. Nilichukua vikopo vya plastiki vyenye mfuniko nikatoboa matundu madogo. Nikachuma majani ya kabeji ambayo hayajapigwa kitu. Mengine nikachovya kwenye Bt mpya iliyopimwa kama maandishi yanavyosema, mengine nikachovya kwenye maji matupu, yote nikaacha yakauke kivulini. Nikaweka viwavi 20 wadogo kwa kila kikopo, nikafunga nikaweka chumbani mahali baridi. Siku tatu. Alafu, na hili ndilo lililonipa jibu, nikapanda boda mpaka kwa mjomba wangu ambaye shamba lake liko bonde lingine kabisa na hajawahi kutumia Bt hata mara moja, yeye anapanda kabeji mara moja moja tu kwa ajili ya nyumba. Nikachukua viwavi wake nikafanya vile vile. Mjomba aliniangalia nikiokota viwavi nikiweka kwenye kopo la siagi, akaniuliza, mwanangu, sasa hawa unawapeleka wapi? Nikamwambia nawapeleka hospitali.

Siku ya tatu viwavi wa mjomba waliokula Bt karibu wote walikuwa wamelala weusi. Wangu zaidi ya nusu walikuwa wanakula. Pakiti moja, maji mamoja, siku moja. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia vile vikopo muda mrefu sana.

Nilipomwonyesha jirani yangu mmoja akasema basi tuhamie za virusi, hizo haziwezekani kuwa sugu. Kuna dawa za virusi kweli na ni nzuri, kila kirusi kina mdudu wake na hakigusi kitu kingine. Lakini Wajerumani wanaolima matofaa bila kemikali walitumia kirusi kimoja dhidi ya nondo wa matofaa miaka mingi, kirusi kilichopatikana Mexico mwaka 1963, na kufikia mwaka 2005 kukawa na mashamba ambayo nondo wake wanavumilia zaidi ya mara 1,000. Wote walikuwa wanatumia uzao mmoja wa kirusi kile kile. Ilibidi watafutwe virusi wa jamii hio hio kutoka sehemu nyingine za dunia, na wengine wao wakafanya kazi.

Kumbe kinachochosha dawa si uasili wala ukemikali wake. Ni kumpiga mdudu mahali pamoja, kwa kitu kimoja, bila kupumzika. Angalia mbu. Kuna Bt ya mbu, ile inayoitwa Bti, inayotengenezwa hata hapo jirani Kibaha, Tanzania, na huko bonde la mto Rhine Ujerumani imepigwa tangu miaka ya 80 mwanzoni na mbu bado wanakufa. Bti haina protini moja, inazo nne kubwa na zinapiga mahali tofauti na zinasaidiana, mbu ili aokoke itabidi abadilike mara nne kwa wakati mmoja. Lakini bakteria mwingine wa mbu, anayetegemea sumu moja, amepata usugu kwa mbu wa maji machafu nchi kadhaa. Hata mwarobaini uko hivyo. Kuna watafiti walipiga vidukari azadirakitini tupu, kile kiini kikuu cha mwarobaini kilichosafishwa, vizazi 40, na usugu ukapanda mara 9. Kundi la pili wakalipiga dawa iliyokamuliwa kwa mbegu za mwarobaini, yenye azadirakitini pamoja na vitu vingine vya mbegu, vizazi vile vile 40, na usugu haukuonekana. Mamangu anatwanga mbegu za mwarobaini analoweka usiku kucha anachuja na kitambaa, na mimi nilikuwa nikimwambia mama hayo ni mambo ya zamani. Nimemwomba msamaha.

Sasa nyigu. Hili la nyigu ndilo ninalotaka watu wa Taita wenyewe walisome. Mwaka 2002 icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walileta hapa kwetu, Werugha, nyigu mdogo mweusi anayeitwa Diadegma semiclausum, wakiwa wamempata Taiwan, wakamwachilia kwa mashamba ya kabeji, na mwaka ule ule wakamwachilia Tharuni karibu na Limuru. Huyu nyigu haumi mtu. Anatafuta kiwavi wa nondo wa kabeji anamdunga yai ndani, kiwavi anaendelea kula kidogo kama hakuna kitu mpaka anajifungia kwenye kifuko chake, na badala ya nondo anatoka nyigu. Alishika sana sehemu za baridi kama huku, akaenea mwenyewe, na viwavi wakapungua. Alitolewa bure, hakuna mtu anayekuuzia, ndio maana hakuna mtu anayekukumbusha.

Na yeye hajali kama kiwavi ni sugu au si sugu. Anamdunga yule sugu sawa sawa na mwingine. Wale ambao Bt imeshindwa kuwaua, yeye anaua sehemu yao, kwa hivyo kila nyigu aliye hai shambani mwako anaifanya Bt yako idumu. Bt haimgusi. Ile pareto niliyochanganya inamuua, na pairethroidi zinamuua kabisa. Ule msimu nilipochanganya niliua wasaidizi wangu nikabaki na wale wasiokufa.

Tumefanya nini tangu hapo. Kwanza niling'oa kila shina la kabeji na sukuma zilizozeeka, yale mashina tunayaacha yachipue tupate vijani vya kupika, yote, nikampa ng'ombe, nikapanda maharagwe na vitunguu shamba zima. Ilikuwa ngumu, mboga ndio pesa ya kila wiki. Lakini nondo asipokuwa na kabeji wala sukuma hana pa kwenda, na utafiti wa Hawaii ulionyesha kwamba Bt ikiachwa vizazi kadhaa usugu unashuka, ingawa jeni haziishi zote zinabaki chache zinangoja, ukirudi na mazoea yako ya zamani zinarudi haraka kuliko mara ya kwanza.

La pili lilikuwa gumu zaidi, majirani. Nondo hajui mpaka. Mimi nikipumzisha Bt na jirani anaipiga kila wiki ni kama hatujafanya kitu. Tulikaa watano kwa kibaraza cha mmoja wetu, tukabishana karibu masaa matatu, mzee mmoja akasema yeye hawezi kuambiwa na vijana apige nini kwa shamba la baba yake, na nilimwelewa. Mwishowe tulikubaliana wanne, yeye akasema ataangalia. Tunachofanya ni kwamba wiki tatu za mwanzo, ambazo ni karibu kizazi kimoja cha nondo, tukilazimika kupiga tunapiga Bt wote, alafu wiki tatu zinazofuata Bt inapumzika kabisa na ikibidi tunatumia kundi lingine, alafu mwarobaini wa kutwanga. Si kuchanganya zote kwenye pampu moja, hapana, ni zamu. Na hatupigi kwa kalenda tena, tunapita mistari tunageuza majani ya mimea kadhaa tunahesabu, wakiwa wachache tunarudi nyumbani.

La tatu ndilo watu wananiuliza sana, kwa nini mistari miwili ya pembeni siipigi kitu chochote. Wanaona ni uvivu. Hio mistari ni ya kulea nondo wasio sugu. Ukimuacha nondo dhaifu aishi, yule sugu mmoja aliyebaki atakutana na yeye badala ya kukutana na sugu mwenzake, na watoto wao watakuwa wa jeni nusu, wale ambao Bt kamili inawaua. Anthony Shelton na wenzake walijaribu jambo hili New York na nondo huyu huyu kwenye brokoli zilizowekewa jeni ya Bt, yaani mmea wenyewe unatengeneza ile protini, wakaona mimea isiyo na Bt inasaidia zaidi ikitengwa sehemu yake kuliko ikichanganywa katikati. Na mahali ambapo hili halifuatwi mambo yanaharibika, Afrika Kusini walianza kupanda mahindi ya Bt mwaka 1998, sheria ilikuwa waache sehemu ya mahindi ya kawaida, wengi hawakuacha, na mwaka 2007 ikatangazwa kwamba funza wa mabua, huyu wa kwetu wa Afrika, ameshaishinda. Kwa hivyo hata wanaobishana kama tulime mahindi ya Bt Kenya au tusilime, pande zote mbili, naomba waongee na hili.

Msimu uliopita nilipeleka Kongowea kabeji. Si zote nzuri, ile mistari ya pembeni ilikuwa matundu matupu, lakini broka alipakia. Nilipogeuza majani ya chini nikaona vile vifuko vyembamba vya nondo, na baadhi ndani yake kuna kitu cha kahawia, kinene, kimezibwa pande zote, si kile kijani cha nondo. Nikamwita mamangu aje aone. Aliinama akaangalia muda, akasema huyu alikuwepo zamani, nikiwa na wewe mdogo, tulidhani ni ugonjwa wa kabeji tukawa tunamponda.

Jumamosi hii narudia kipimo cha vikopo, viwavi wangu na wa mjomba, na yule mzee wa kibaraza amenipigia simu jana ameuliza kama anaweza kuleta wa kwake pia. Vikopo nishaosha.